Pengo la Delmer

“Mluzi tena!” fundi wa kurekodi akafoka, akaitoa santuri ya nta na kuitupa. “Nani anapiga mluzi kwenye wimbo wa kanisani?”

 Ulimi wa Delmer ulikuwa ukipapasa pengo lenye chumvi ya damu, pale lilipokuwa jino la mbele mpaka asubuhi ile, kabla hajamwambia kaka yake kwamba nyuzi za banjo yake hazijakaa sawa.

“Ni huyu bwege,” kaka yake akajibu huku akicheka. “Kaanguka kwenye ngazi.” Kisha akamwinamia sikioni, akinuka wiski ya mahindi. “We, rudi nyuma ya bega langu. Ukiniharibia na hii, nayang'oa yote yaliyobaki.”

“Nimesikia, kaka.”

“Nta imebaki hii tu,” fundi akaonya. “Itakavyotoka ndivyo watakavyoisikia milimani kote, mama yenu akiwemo.”

Taa nyekundu ikawaka. Banjo ikaanza.

Maikrofoni ilikuwa moja. Delmer akasonga mbele, akamsukuma kaka yake kwa bega, mpaka midomo iliyovimba ikakaribia kugusa chuma baridi. Akaimba kwa kifua chote. Kila palipotajwa Yesu, kila palipotajwa msamaha, pengo lilipiga mluzi, na sindano ikauchora kwenye nta.

Kaka yake akamgeukia kwa macho ya kuua. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye banjo, na santuri ilikuwa inazunguka.