Sweta ya Mkono Mmoja

Hadithi hii ni fupi, na asali haina. Kondoo mmoja aliotwa na sufu ndefu ya rangi ya majivu, wenzake wenye manyoya mafupi wakamtenga. Aliyebaki kumtembelea ni Pimbi, mnyama mdogo wa mwambani, aliyeogopa baridi kuliko kifo. Kila jioni alikuja kumwegemea, wakapiga soga.

Kondoo akaona amtunuku. Akajinyoa, akasokota uzi, akamfumia sweta nzito. Pimbi akaivaa, akashukuru, akaenda zake. Hakurudi.

Siku ya tano Kondoo akamfuata mwambani, akitetemeka kwa baridi. "Pimbi wangu, nimekukosea nini?"

"Hata kidogo, shangazi! Ila joto si ninalo sasa? Nije kufanya nini?"

Kondoo akarudi na ngozi yake tupu. Kulia hakulia, machozi hayaoteshi sufu.

Ilipoota tena, alimfumia sweta Kicheche anayenuka, maana mpweke hachagui mgeni.

"Shangazi, mbona ina mkono mmoja?"

"Njoo kesho, mwanangu. Uzi wa mkono wa pili bado nausokota."

Kicheche huja kila jioni kuuliza. Kondoo angali anasokota.