Fimbo ya Nether Haddle

Kengele ya kanisa iligonga mara tisa. Mara tisa maana yake aliyekufa ni mwanamume. Sasa ingehesabu umri wa marehemu, kila pigo mwaka mmoja, na mzee Enoch Brackenbury, aliyelala chali kitandani, akahesabu nayo kwa furaha ambayo hakuionea haya hata kidogo.

Alikuwa akingoja tisini na mbili. Ndiyo miaka ya Amos Tupholme.

Pale Nether Haddle, mwanamume mzee kuliko wote hushika fimbo ya kijiji, na akifa jina lake huchongwa humo. Majina kumi na manane yamo, tangu enzi za wafalme ambao hakuna anayewakumbuka. Amos alimzidi Enoch mwaka mmoja tu. Kwa sababu ya mwaka huo mmoja alipita na fimbo mlangoni pa Enoch kila Jumapili, akiigongagonga makusudi.

"Hujambo, mdogo wangu? Bado unaikodolea macho?"

"Wewe ringa tu. Utaiacha!"

"Nitakuachia, usijali. Ukikua."

Wivu ule ulimla Enoch kuliko ugonjwa. Lakini leo, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, kifua hakikumbana. Habari njema ni dawa, alijiambia.

Thelathini na tatu. Thelathini na nne.

Hetty, binti yake, aliingia akafunga mapazia, na jua ndiyo kwanza limechomoza. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Unamlilia Amos?" Enoch alifoka. "Hata wewe?"

Hetty hakumjibu. Kutoka jikoni ilipanda harufu ya paja la nguruwe, lile linalochemshwa kwa ajili ya matanga. Hilo nalo lilimchoma: jiko lake, nguruwe wake, kwa heshima ya mtu yule!

Themanini. Tisini.

Tisini na moja.

Kimya.

"Mpiga kengele gani huyu asiyejua kuhesabu?" Enoch alisema. "Bado moja!"

Mlango ukafunguliwa. Amos Tupholme aliingia kwa miguu yake mwenyewe, kofia mkononi, vumbi la mbao likiwa bado limemganda vidoleni. Akailaza fimbo kifuani pa Enoch, akavikunja vidole vya Enoch vilivyokwisha kupoa, kimoja kimoja, mpaka vikaishika.

"Nimechonga jina lako kabla ya langu," alisema. "Haya, ringa nayo, mdogo wangu."