Pilipili za Kanga wa Ghorofa ya Pili

Kwenye jengo moja la ghorofa aliishi Kanga, ndege mwenye majivuno. Roshani yake ilikuwa na pilipili ndani ya dumu lililokatwa, nazo zilizaa mpaka majirani wakashangaa.

"Mimi simwagilii," alijigamba. "Mkono wangu una baraka tu."

Kilichomkera ni matone. Kwenye roshani ya juu yake, jirani yake Kindi alipanda mchicha kwenye gunia, na kila akiumwagilia, maji yalidondokea roshani ya Kanga na kumlowesha manyoya. Siku moja akapanda ngazi amefura.

"Jirani, kwangu si mtaro wa maji yako."

"Nisamehe, dada," alisema Kindi, akakinga beseni chini ya gunia.

Wiki haikuisha, pilipili zote zikanyauka. Kanga alipigwa na butwaa. Akapanda tena ngazi mbio.

"Umezifanya nini pilipili zangu? Umeziroga?"

"Dada, wewe ulizimwagilia lini?"

Macho ya Kanga yalitua kwenye beseni, limejaa hadi ukingoni.

Akalisukuma beseni pembeni kwa mguu wake mwenyewe.

"Mwagilia tu, jirani," akasema taratibu. "Mimi nitakaa ndani."