Mfuniko wa Nje ya Geti

Nilichomoa kipimajoto kutoka shimo la majitaka, nje ya geti la kiwanda cha kufulia nguo. Nyuzi hamsini na sita. Jiji linaruhusu arobaini tu. Yakizidi hapo, maji huharibu mabomba ya mtaa mzima.

Mlinzi mzee alinisaidia kurudisha mfuniko wa chuma, kisha akanikazia macho.

"Wewe si binti wa yule mama wa pasi?"

"Mimi ndiye, mzee wangu."

"Joto hili mbona ulilijua kabla ya hicho kidude."

Kweli. Asubuhi za baridi mama alinivua viatu, akanisimamisha juu ya mfuniko huu. "Usibanduke hapo," alisema, akaingia kiwandani kugonga kadi yake ya zamu. Chuma kilikuwa na vinundu vya duara, na alama zake zilibaki kwenye nyayo zangu mpaka kengele ya shule.

Niliandika hamsini na sita kwenye fomu ya ukaguzi ya jiji, nikatia saini. Kuanzia Jumatatu, lazima maji yapozwe ndani kabla ya kutoka.

"Basi na mfuniko utapoa," alisema mlinzi.

Nikampa fomu anishikie, nikainama kufungua kamba za buti.