Nuru ya Mkongwe

Gari la kwenda Dodoma lilikuwa linakuja mchana, na Jairo alikuwa bado hajapata namna Mkongwe wa katuni zake angeweza kugawa nuru bila kuzimika.

Alichora, akafuta, akachora tena. Karatasi zilitapakaa sebuleni kwake Bulyaga mpaka kuku wakafukuzwa wasizikanyage. Nje mvua ya Tukuyu ilinyesha bila haraka, kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka. Mfa maji haachi kutapatapa, na Jairo alikuwa akitapatapa na penseli.

Mabango ya saluni ndiyo yaliyomlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye katuni. Aliwachora Wakongwe wa Anga, viumbe waliokuwepo kabla ya nyota, wasiozeeka wala kufa, wanaokaa juu ya Mlima Rungwe na kuamua ugomvi wa sayari. Katika toleo la kwanza hawakuwa na udhaifu wowote. Wasomaji wakanung'unika kwamba shujaa asiyeumia hana utamu. Basi Jairo akawatia nuru kifuani, na toleo la tano Mkongwe mmoja akampa binadamu nuru yake. Aliyetoa akazimika kama kibatari kilichopulizwa. Aliyepokea akaishi milele.

Hilo la kuishi milele hakulitoa kichwani, alilitoa moyoni. Alilichora wakati binti yake Sekela alipolazwa mara ya kwanza kwa selimundu, ule ugonjwa wa damu. Tangu hapo mkewe, Winfrida, alipiga marufuku neno kifo ndani ya nyumba. Nyimbo za msiba zikisikika kwa majirani, Sekela aliambiwa ni kwaya inafanya mazoezi.

Sasa tiba ilikuwa imepatikana: kaka yake, Asajile, achukuliwe uroto, ule ute wa ndani ya mifupa, apandikizwe Sekela. Vipimo vilikubali. Asajile naye alikubali, begi lake liko mlangoni. Aliyekataa ni Sekela.

"Sitaki cha Asajile," ndilo neno lake, na kila kaka yake alipoingia chumbani, Sekela alimshika mkono, akalia.

Safari ya kwanza ya hospitali Dodoma aliwang'ata wauguzi, wazazi wakarudi naye vilevile. Daktari hakuwaficha.

"Atakaa wiki nyingi chumbani peke yake," aliwaambia. "Mtoto asiyetaka huchomoa mipira ya dawa. Mleteni akiwa amekubali. Akigoma tena, nafasi tutampa mwingine."

Na bila nafasi hiyo, daktari hakuwaahidi hata mwaka mmoja.

"Ni haya madude yako," Winfrida alisema kutoka mlango wa jikoni. Macho yalikuwa yamemvimba. "Mtoto anaamini Asajile atazimika. Umeyaanzisha mwenyewe, yamalize mwenyewe."

"Siwezi kufuta tu, mama Asajile. Unamjua."

Walimjua. Sekela alikuwa na miaka tisa na matoleo yote yalikuwa kichwani mwake. Siku moja Jairo aliwahi kubadilisha rangi ya joho la Mkongwe, binti akamnunia mpaka akaomba radhi. Uongo haungepita pale. Ilitakiwa sababu inayoingia katika hadithi kama ilivyokwisha kuchorwa.

Hodi ikapigwa mlango wa nyuma. Alikuwa bibi Tusekile, jirani, kuni zake zimelowa, anaomba moto. Winfrida akachomoa kijinga kimoja cha moto jikoni, akampa.

"Ndaga fijo, mwanangu," bibi alishukuru, akatoka akikikinga kwa jani la mgomba.

Jairo alitazama jiko la mkewe. Lilikuwa linawaka vilevile. Alijiona mjinga, maana moto ameuona ukiombwa tangu utotoni, na hajawahi kuona aliyegawa akalala gizani.

Penseli ikakimbia. Yule Mkongwe wa kwanza, alichora, alizimika kwa sababu aling'oa jiko zima kifuani akalitoa. Wenzake wakajifunza. Anayetoa kijinga kimoja hubaki na moto wake.

Akapeleka karatasi chumbani, penseli ingali mkononi. Sekela alikuwa amelala ubavu, macho ya manjano, goti limevimba. Alisoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole. Akaomba toleo la tano. Akalinganisha. Jairo alisimama pale akimwomba Mungu bila maneno, na Winfrida alikuwa nyuma yake.

Honi ikalia barabarani.

"Inaingia," Sekela alisema mwishowe.

Jairo alipiga makofi kwa furaha. "Umeona, binti yangu? Asajile hatazimika! Haya, twende, gari limefika."

"Najua hatazimika. Nesi alishaniambia, uroto wake utaota tena."

"Sasa?"

Sekela aliwatazama wazazi wake wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akaanza kulia. Kilio cha maumivu walikizoea. Hiki kilikuwa kingine.

"Aliyepokea ndiye hafi, baba. Umeandika mwenyewe. Mtakufa ninyi, afe Asajile, wafe na watoto wake, wote niwazike mimi. Halafu mimi nitabaki na nani?"

Honi ililia tena, safari hii kwa hasira. Penseli ilimponyoka Jairo, ikaviringika chini ya kitanda.

Winfrida akapiga magoti, akaitafuta kwa kupapasa, akampachika mumewe mkononi.

"Mchoree kaburi la aliyepokea," alisema. "Baba Asajile, mchoree mwanangu kaburi sasa hivi."