Rekodi ya Femtosekunde Kumi na Mbili

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Vaidotė, juu ya hati ya kuthibitisha rekodi ya Profesa aliyemsimamia, na nusu ya wanafizikia wa Vilnius walikuwa wamejazana maabarani wakibugia keki na kumpongeza Profesa.

Kwenye skrini, mpigo wa leza ulichorwa kama kilima kipana chenye mwiba mwembamba kileleni. Profesa alikuwa ameupima mwiba tu, kwa femtosekunde, vipande vya sekunde vidogo kupita kiasi.

"Femtosekunde kumi na mbili! Nani kawahi kupata mpigo mfupi hivyo kwa leza ya aina hii?" alitamba. "Tia sahihi, binti, keki inaisha. Au shahada ya udaktari huitaki tena?"

Vaidotė aliyatazama makombo yaliyonasa kwenye ndevu za Profesa. Mwiba ule hutokea hata leza ikitoa fujo tupu. Urefu wa kweli wa mpigo uko kwenye kilima. Miaka thelathini ya uprofesa, na bado mtu anapima unyoya wa kofia akidhani amepima kichwa!

Aliweka kalamu chini. Akachukua kipande cha kioo, kinene kama kidole gumba, akakisimamisha kwenye njia ya mwanga.

"Mpigo mfupi ukipita kwenye kioo hutanuka, hilo kila mtu humu analijua," aliwaambia wageni. "Haya, tuutazame mwiba wetu ukinenepa."

Wageni waliacha kutafuna. Mwiba haukunenepa hata kwa upana wa unywele.

"Kitoe hicho kioo," Profesa alinong'ona.

"Nikitoe?" Vaidotė alijibu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Wapi, Profesa! Naongeza cha pili."