Ng'ombe Wangapi kwa Trekta Bovu

Lengai hakumpa mzee Elimringi shikamoo. Alimpa ngumi.

Mzee akaanguka chali bandani, mbele ya trekta lake, fimbo kule, kofia kule, damu puani. Vijana wawili walimdaka Lengai mabega kabla hajaongeza ya pili, akabaki anarusha mateke hewani.

"Ng'ombe kumi na tisa!" alifoka. "Kwa vyuma hivi? Kaka yangu yuko kaburini, wewe unaniletea mzaha!"

Biashara haigombi, wanasema wenye maduka. Ala! Hao hawajawahi kupatana bei ya trekta lililoua mtu.

Maana ndilo jambo lililowakusanya kijijini Olasiti asubuhi ile. Mwezi uliopita Sironka, kaka yake Lengai, alikufa ndani ya banda hilihili. Elimringi, Mmeru wa kule mlimani, alikuwa amemwachia alinde shamba lake la chini na kulimia trekta lake akitaka. Siku Sironka alipokwenda kulijaribu, aliongozana na Lengai peke yake. Lengai ndiye aliyewasimulia watu huku akilia: kaka aliizungusha hendeli ya kuwashia injini mara moja tu, kumbe trekta limeachwa kwenye gia, likaruka na kumponda kichwa ukutani. Ndiye aliyeibeba maiti mpaka nyumbani. Ndiye pia aliyekataza habari isifike Boma kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Mwingereza, alisema, atamfunga mzee jela, halafu sisi tutakula hicho kifungo?

Basi wakaenda kimila. Fahali akichoma mtu, mwenye fahali hulipa, na trekta nalo lina mwenyewe. Fidia ya mwanamume ni ng'ombe arobaini na tisa. Elimringi alikuwa nao thelathini. Kumi na tisa waliopungua aliomba trekta liwafidie, na likipungua thamani, basi atamega shamba lake la kahawa, lile lililomsomesha na kumlisha kila aliyezaliwa nyumbani kwake. Hakuwa na kingine duniani.

"Hasira hasara, kijana," alisema Mzee Lemburis, msemaji wa rika, aliyeletwa kuamua bei. "Tumekuja kupima chuma, si kung'oana meno."

Elimringi aliinuka akijipangusa damu kwa mkono wa koti. "Nililinunua kwa Mgiriki mmoja likinguruma," alisema. "Mguu uliponiharibikia nikaliacha humu. Ni zima, wazee wangu. Limelala tu."

"Limelala!" Lengai alicheka, kicheko kibaya. "Haya, niachieni tuliamshe."

Wakamwachia. Aliwaamuru vijana waizungushe hendeli. Wakaishika wawili, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Wapi! Haikusogea hata unywele. Lengai akachukua nyundo na kulipiga bomba la moshi. Likakatika, yakamwagika madongo ya nyigu na kiota kikavu cha panya. Akaupiga mfuniko wa injini, akaupiga tena, vipande vikaruka na kumchana kijana mmoja shavu. Hakumwomba hata radhi. Alikuwa kama mtu anayepasua fuvu la adui, na kila nyundo ilipotua aliona mibuni ya Elimringi ikihamia upande wake.

"Njoo uone, Mzee Lemburis! Tia kidole!" Mwenyewe alitia chake, kikatoka chekundu. "Hii kutu si ya jana. Pistoni zimeshikana na ukuta wa injini, zimekuwa kitu kimoja. Chuma hiki kilikufa zamani, masika tatu zimekipita!"

"Basi kumi," alisema Elimringi kwa sauti ya kukauka.

"Mmoja. Na awe ndama."

"Mwanangu, unaniua."

"Bado!"

Akamrukia. Alimkaba koo kwa mikono miwili, akamgongesha kichwa kwenye madigadi, mara ya kwanza, mara ya pili, na kama si watu wanne kumvaa kwa pamoja, jamani, siku ile wangechimba kaburi jingine. Walimbana mikono nyuma, mmoja akamkumbatia kiuno. Elimringi aliteleza chini akakaa, macho yamemtoka, anatafuta pumzi.

Mzee Lemburis aliinua fimbo yake. "Imetosha! Tumeona wote. Trekta hili limekufa siku nyingi, na Lengai ametuonyesha vizuri kuliko fundi. Bei yake ni ng'ombe mmoja. Waliosalia watatoka kwenye kahawa."

Elimringi alijifunika uso kwa koti akalia kwa sauti, mtu mzima yule, bila kumwonea haya yeyote. Lengai alihema huku ameshikwa vilevile. Moyo wake ulikuwa mweupe kwa furaha.

Ndipo Namnyaki, mjane wa Sironka, alipoinuka mlangoni. Tangu wafike alikuwa ameketi hapo, wala hakuna aliyemuuliza neno. Alipita katikati ya wanaume, akaishika hendeli kwa mikono yote miwili. Akaivuta. Akaning'inia hapo mpaka miguu yake ikaacha ardhi. Hendeli ilimbeba tu, kimya, kama tawi la mti.

Akashuka, akamgeukia Lengai.

"Shemeji," alisema taratibu, "mume wangu aliizungushaje hii?"

Lengai akajitikisa mabega ili wale wanne wamwachie, maana ugomvi na mzee ulikuwa umekwisha.

Hakuna aliyemwachia.